Karo Pekee Haimfikishi Mwanafunzi



Kila mwaka, matokeo ya mitihani yatokapo, misikiti na jamaa zetu huchanga karo ili kijana apate kuingia chuo cha ufundi. Ni jambo jema, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri watoaji wote. Lakini na tuulizane: katika wale waliochangiwa, ni wangapi ambao mahafali yao tumeyahudhuria?

Swali hili wenzetu wa Marekani nao wamejiuliza. Huko kuna vyuo vya jamii, vitoavyo shahada ya miaka miwili kwa ada nafuu. Milango yake i wazi kwa maskini na kwa mwenye kazi na watoto, ila wengi waingiao huondoka kabla ya kuhitimu. Mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mpango uitwao ASAP ili kuyatibu maradhi hayo.

Mpango ulimtaka mwanafunzi asome kwa muda kamili. Nao ukamlipia ada iliyosalia baada ya misaada mingine, ukampa vitabu na kadi ya nauli ya basi na treni. Mshauri mmoja alikabidhiwa wanafunzi 60 hadi 80, ilhali washauri wengine wa vyuo hivyo walikuwa na 600 hadi 1,500. Kadi ya nauli nayo ilikuwa na sharti: mwanafunzi ahudhurie kwa mshauri wake.

Watafiti wa shirika la MDRC waliwagawa kwa kura wanafunzi wa kipato cha chini, wengine wakaingia katika mpango na wengine wakabaki nje. Baada ya miaka 3, asilimia 40 ya walioingia walikuwa wamehitimu, na 22 tu ya wenzao. Vyuo 3 vya jimbo la Ohio vilipoiga, ikawa 35 kwa 19. Kule New York gharama ya kila mwanafunzi ilipanda, lakini gharama ya kumpata mhitimu mmoja ilishuka, kwa kuwa wahitimu waliongezeka.

Hapo pana mazingatio. Si kila aachaye chuo ameshindwa na masomo. Wako wanaoshindwa na nauli ya matatu, na wako waliokosa mtu mzima wa kuwauliza, "Mwanangu, wendaje?"

Basi kamati ya msikiti ichangapo karo, na itenge pia fungu la nauli. Kisha imteue mwalimu mstaafu, fundi, au mama aliyesoma, awaone vijana watano kila mwezi, na nauli ipitie mkononi mwake. Dini yetu yatufunza kuipenda amali ya kudumu, ijapokuwa ndogo. Sadaka ya elimu isikome siku risiti ya karo inapokatwa.

Mwenyezi Mungu awafikishe wanetu mwisho wa safari waliyoianza. Amin.