Mutura na Mvua ya Mawe

Mpenzi msomaji, bila shaka umepata kusoma habari za nchi za kaskazini, ambako theluji huanguka hata milango ikawa haifunguki, na watu huketi jikoni wakila soseji walizozitengeneza kwa mikono yao wenyewe. Sisi wa Kiplombe, kando ya mji wa Eldoret, hatuna theluji. Lakini usituhurumie upesi. Mahali petu pameinuka kadiri ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai baridi hutuingia mifupani kama mgeni asiyebisha hodi. Tena tuna mvua ya mawe. Na soseji yetu ni mutura.

Mvua ya mawe ni matone ya maji yaliyopandishwa na upepo hata juu katika wingu, yakaganda, yakarudi chini yakiwa barafu. Mwaka 2008, karibu na Nyahururu, ilianguka kwa wingi hata ardhi ikawa nyeupe, na watu wakadhani ni theluji. Kwetu haijafika kiasi hicho, lakini ilitosha kupatanisha ndugu wawili.

Mimi na kaka yangu tulikuwa hatusemezani kwa muda wa miezi minane. Sababu ilikuwa mfereji. Aliuchimba mpakani ili maji yasiharibu mahindi yake, nayo yakaja kuharibu yangu. Nilimwambia neno moja, akanijibu mawili; nami, kwa kuwa ni mwalimu, nikamjibu kumi. Tangu siku hiyo mama yetu akawa kila Jumapili hula nusu ya chakula kwake na nusu kwangu, asije akamwudhi mmoja wetu.

Jumamosi moja ya Julai nilichinja mbuzi. Mke wangu alitaka kumwita kijana wa jirani, fundi wa mutura. Nikakataa, nikasema kwamba mtu aliyehitimu chuo cha ualimu hashindwi na utumbo wa mbuzi. Nikauosha kwa maji ya vuguvugu, nikaugeuza ndani nje, nikausugua kwa chumvi. Nikachanganya nyama iliyokatwakatwa, mafuta, damu, vitunguu, dhania na pilipili. Nikajaza, nikashindilia, nikafunga ncha kwa uzi, na kuutumbukiza katika maji yaliyokuwa yakitokota.

Mara mawe yakaanza kupiga mabati kwa kishindo. Mlango ukasukumwa, akaingia kaka, gunia kichwani. Alikuwa akimtafuta ndama wake, na jiko langu ndilo lililokuwa karibu. Tukatazamana. Mtu hafukuzwi mvuani, hata awe adui. Nikamsogezea kigoda, kimya; naye akaketi, kimya.

Baada ya kitambo akaitazama sufuria, akapaza sauti: "Mwalimu, umeutoboa?"

Nikamjibu kwamba mutura wangu hauhitaji ushauri. Sijamaliza kusema, pu! Mutura ukapasuka, mchuzi ukaruka ukutani, na kipande cha kitunguu kikanata kwenye paji la uso wangu. Nami wiki ile ile nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kwamba mvuke hutanuka, na usipopewa njia hujitafutia!

Kaka alicheka hata akashika mbavu. Nilijaribu kununa, nikashindwa. Kisha akauchukua mutura wa pili, akapunguza nyama, akautoboa kwa mwiba hapa na pale, akaondoa kuni mbili motoni. "Haushindiliwi hivyo," akasema. "Huachiwa nafasi." Ulipoiva tukauchoma juu ya makaa, tukala kwa chumvi, na mawe yalikwisha kuyeyuka uani kabla hatujakumbuka kutazama nje.

Alipoinuka kwenda zake alisema, "Kesho tuutazame ule mfereji." Asubuhi tulikwenda na majembe mawili, tukauelekeza kwenye kijito. Kazi yenyewe ilituchukua saa tatu tu, nasi tulikuwa tumeinunia miezi minane.

Basi, kijana msomaji, ukiwa na neno moyoni juu ya nduguyo, lipe njia mapema, wala usingoje moto uzidi. Mama yetu sasa hula nyumba moja kila Jumapili, naye hulalamika kwamba tunamshibisha kupita kiasi. Ama mimi, naujua mwiba. Lakini mutura humwachia kaka.