Baruti na Joto

Baridi ya Nairobi yadanganya wengi, na mmoja wao ni mtu ashindiliaye mwenyewe risasi za bunduki yake. Mathalani mwindaji wa siku zile, kabla ya uwindaji kupigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977. Alinunua mkebe wa baruti mjini, akapita nao Delamere Avenue, ambayo leo ni Kenyatta Avenue, akarudi kwake Karen. Usiku alikaa mezani na mzani mdogo, akapima baruti kwa makini na kuijaza katika maganda. Asubuhi ya Julai, hewa ikiwa nyuzi 12 hivi, alijaribu risasi zake akaziona njema. Kisha akapakia motokaa, akapita Langata na Kiserian, akateremka mpaka Magadi.

Nairobi iko kama futi 5,500 juu ya bahari. Magadi ni kama futi 2,000 tu, na joto la mchana huko hupita nyuzi 35. Baruti ni ile ile, kipimo ni kile kile, lakini mambo si yale tena. Baruti iliyopata joto huungua kwa haraka zaidi, na nguvu ya hewa ndani ya mtutu hupanda. Ikipanda kidogo, risasi haipigi mahali ilipopiga Nairobi. Ikipanda sana, fataki hubapa, ganda hunasa, na bunduki haifunguki. Mbele ya shabaha ya karatasi hilo ni udhia tu. Mbele ya mbogo aliyejeruhiwa, tena yu karibu, ni jambo jingine kabisa. Wala mwenye bunduki hakuwa peke yake hapo. Ubavuni pake alisimama mchukuzi wa bunduki, Mwafrika ambaye hakuulizwa ni baruti gani itiwe, ingawa maisha yake yaliitegemea sawasawa na ya bwana wake.

Mafundi wa Uingereza walilijua jambo hili mapema. Kodaiti, baruti iliyovumbuliwa na Abel na Dewar mwaka wa 1889, ilikuwa na nitroglicerini zaidi ya nusu, nayo iliathiriwa mno na joto. Kwa hiyo risasi ya .416 Rigby, iliyotolewa mwaka wa 1911, ilipewa ganda kubwa ili nguvu ya hewa isizidi hata katika nchi za jua kali. Wengine waliuza risasi zenye baruti pungufu kwa ajili ya nchi za joto.

Walakini hatari si nguvu nyingi tu. Mwaka wa 1956 Winchester ya Marekani ilitoa risasi ya .458, ganda lake fupi. Baruti ilibanwa humo ili itoshe, na baada ya muda ikagandamana kama sukari iliyopata unyevu. Risasi nyingine zikatoka dhaifu, na wawindaji wa Afrika wakapoteza imani nazo.

Watu hupenda kuuliza ni baruti ipi yenye nguvu kuliko zote. Ni swali la kitoto. Aliye na kibali cha sheria na aulize ni ipi isiyobadilika sana kwa joto. Leo ziko zilizotengenezwa kwa kusudi hilo, kama H4350 na Varget, zitokazo Mulwala, Australia, na kuuzwa na Hodgdon wa Marekani. Hata hizo hupunguza hatari tu, haziiondoi. Yafaa kuanza na kipimo cha chini katika kitabu cha mtengenezaji, na kujaribu kule kwenye joto, si Karen.

Tena risasi zisiachwe nyuma ya kioo cha motokaa juani, ambako joto laweza kupita nyuzi 60. Na mkebe wa zamani ufunguliwe na kunuswa kwanza. Baruti nzima hunuka kama spiriti; iliyooza hunuka tindikali, na vumbi jekundu kama kutu huonekana ndani. Hiyo haijaribiwi hata mara moja.