Kibaba cha Maji ya Udhu

Ngarambe ni kijiji ambacho wanafunzi wa historia wanakijua kwa maji ya Kinjikitile Ngwale, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Sisi wa kamati ya msikiti tunayo habari nyingine ya maji, nayo haina ushujaa wowote.

Ijumaa moja ya kiangazi pipa la msikiti wetu lilikauka kabla ya adhana ya pili. Waliochelewa walirudi majumbani kutawadha, na baadhi yao wakaikosa khutba. Tukawalaumu akina mama wanaotubebea maji kwa madumu. Bibi mmoja alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Wanangu, maji tuliyaleta. Ulizeni yamekwenda wapi."

Tulimwekea kijana mmoja beseni chini ya bomba, akatawadha kama kawaida yake. Maji yalizidi nusu ya ndoo ya lita 10. Tuliona haya, kwani Hadithi ya Anas bin Malik, waliyoipokea Bukhari na Muslim, tuliisoma chuoni: Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja. Mudi ndiyo kibaba cha wazee wetu, robo ya ile pishi tunayoipima katika zaka ya fitri. Haifiki lita moja ya maji.

Tukalifunga bomba, tukaweka makopo. Mzee mmoja alipinga kwamba udhu wa kopo hautimii. Tukatawadha mbele yake, kila kiungo kwa ukamilifu wake, na maji yakabaki. Hakusema neno, ila kesho yake alikuja na kopo lake mwenyewe.

Likabaki suala la maji yaliyokwisha kutumika. Katika madhehebu ya Imam Shafi, maji machache yaliyotumika katika udhu wa lazima ni safi yenyewe, lakini hayatwaharishi tena. Hayafai kwa udhu mwingine. Kwa mgomba yanafaa. Tukachimba kijifereji hadi kwenye migomba nyuma ya msikiti, mbali na maji ya chooni.

Kwa furaha hiyo tukaandaa darsa la akina mama, na huko ndiko tulikofundishwa sisi. Maji ya kuoshea mchele hupewa kuku. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo huloweka mzigo unaofuata, kisha humwagwa uani kutuliza vumbi. Yaliyofulia nepi hayaguswi, kwa kuwa ni najisi. Masika, kipande cha bati kilichokunjwa huyaongoza maji ya paa hadi kwenye pipa, baada ya mvua ya kwanza kuachwa ioshe paa, na pipa hufunikwa mbu wasizaliane. Hayo yote yakifanyika ndani ya nyumba zetu wenyewe, nasi hatuyaoni, kwa sababu hatubebi dumu.

Bibi yule akauliza zamu za kubeba maji ya Ijumaa zitagawiwaje. Tukaandika katika kumbukumbu za kikao: wanaume, kila Alhamisi jioni. Alhamisi ya kwanza walifika wawili, katibu akiwa mmoja wao.