Farasi wa 80 kwa 1 na Wavu wa Kipili

Nimeadimika hapa kibarazani, najua, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama gazeti limenimeza. Leo nimerudi na kisa ninachozunguka nacho kichwani tangu Julai 2024. Nimekichelewesha kwa sababu moja tu: kinanihusu, na mimi ndiye mkosaji wa kwanza ndani yake.

Niwarudishe kwanza Mei 2022. Nilikuwa mgeni kwenye dawati la michezo, natafuta habari ya kujaza kona ya ukurasa. Asubuhi ya Jumapili moja nikakutana na habari ya farasi. Ndiyo, farasi! Usiku wakati sisi tumelala, huko Louisville, Kentucky, zilikuwa zimekimbiwa mbio za Kentucky Derby, kilomita 2 na ushei, ambazo Wamarekani wanazingoja mwaka mzima kama sisi tunavyongoja Simba na Yanga. Mshindi aliitwa Rich Strike. Wacheza kamari walikuwa wamempa 80 kwa 1, maana yake hakuna aliyemtarajia. Aliyemwekea dola 2 aliondoka na dola 163.60. Piga hesabu ya kwetu: unaweka buku mbili, unachukua zaidi ya laki moja na elfu sitini. Katika historia yote ya mbio hizo tangu 1875, aliyeshinda akiwa amedharauliwa kuliko huyu ni mmoja tu, Donerail wa mwaka 1913, aliyekuwa 91 kwa 1.

Nikaandika aya sita. Zilikuwa tamu, nakiri. Kisha nikamtumia mtoto wa mjomba wangu kule Kipili kile kipande cha video, pamoja na maneno haya: "Mdogo wangu, usikate tamaa. Unaona? Hata wa mwisho anashinda." Alikuwa ameanguka mtihani wa kidato cha nne na nilikuwa nataka kumpa moyo. Akanijibu kwa vidole gumba vitatu. Nami nikasahau.

Sasa twende Kipili. Kwa ambao hawapafahamu, ni bandari ndogo ya Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi. Ukitoka Sumbawanga unapita Namanyere, halafu unateremka kutoka baridi ya Ufipa hadi kwenye joto la ziwani, na harufu ya dagaa inakupokea kabla ya wenyeji. Nilienda kuandika habari za kufungwa kwa ziwa. Kama mnavyokumbuka, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani, na vijana wamekaa kivulini, kila mmoja kainamia simu. Nikadhani wanachati.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umekuja wakati hakuna hata mgebuka wa kukukaribisha."

Tukacheka. Lakini usiku, baada ya ugali na maharage, mjomba alinieleza kwa sauti ya chini. Alikuwa ameweka akiba ya laki nne ya kununua wavu mpya, ziwa likifunguliwa aanze vizuri. Fedha zilikuwa kwenye simu ya kijana wake, kwa kuwa yeye mambo ya namba za siri hayawezi. Kwa wiki sita zile fedha zilikuwa zimekwenda elfu moja moja, elfu mbili mbili, kwenye kubeti. Mikeka ya mpira mchana, na usiku mechi zikiisha, mbio za farasi wa kompyuta.

Nilimkuta kijana asubuhi ufukweni. Nikaanza kumfokea kama kaka mkubwa anavyotakiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, bila kejeli yoyote:

"Kaka, si wewe uliyenitumia yule farasi?"

Waungwana, nimewahi kukosolewa na mhariri na nimewahi kutukanwa na wanasiasa kwa simu. Sijawahi kukosa jibu namna ile.

Alikuwa amekihifadhi kile kipande miaka miwili. Alinionyesha. Kila usiku alikuwa akimwekea farasi mwenye odi kubwa kuliko wote, kwa sababu kaka yake msomi, mwandishi wa gazeti, alimwambia hata wa mwisho anashinda. Mara moja kweli alishinda, akapata elfu arobaini na sita. Hizo hazikumaliza siku tatu.

Tukaketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa, nikamsimulia mambo ambayo aya zangu sita ziliyaacha.

Nilimwambia kwamba Rich Strike hakuwemo hata kwenye orodha. Nafasi zilikuwa 20 na yeye alikuwa wa akiba. Asubuhi ile ya Ijumaa, siku moja kabla ya mbio, farasi aitwaye Ethereal Road aliondolewa muda ukiwa karibu kwisha, ndipo akaingizwa, akapewa mlango wa pembeni kabisa. Hiyo ndiyo bahati, na siikatai. Lakini bahati ilimkuta yuko tayari. Mkufunzi wake, Eric Reed, hakuacha kumfanyisha mazoezi kama farasi anayekwenda kukimbia, wakati orodha inasema hakimbii. Huyo Reed mwaka 2016 mabanda yake yaliungua, wakafa farasi 23, akafikiria kuiacha kazi. Rich Strike mwenyewe alikuwa amenunuliwa kwa dola 30,000 mwaka 2021, kwenye mbio ambazo kila farasi anayekimbia anauzwa kwa bei iliyotangazwa. Mpanda farasi, Sonny Leon kutoka Venezuela, alikuwa akifanya kazi zaidi kwenye viwanja vidogo vya Ohio, hakuwa jina kubwa.

Nikamwambia pia kwamba ushindi ule haukushuka kutoka mbinguni. Walioongoza mwanzo walikimbia kama wamefukuzwa na nyuki: robo maili ya kwanza kwa sekunde 21.78, haikuwahi kukimbiwa hivyo katika Derby. Rich Strike alikuwa karibu mkiani. Mbele walipoanza kuishiwa pumzi, Epicenter, aliyetegemewa kuliko wote, akabaki anapambana na Zandon, na Leon akampitisha farasi wake ndani, karibu na uzio, mmoja baada ya mwingine. Alishinda kwa robo tatu ya urefu wa farasi. Na baada ya siku hiyo hakushinda mbio nyingine yoyote. Hili la mwisho nilipolisema, kijana aligeuka akanitazama.

"Sasa hao wa kwenye simu yako," nikamwuliza, "nani anawafanyisha mazoezi?"

Hakujibu. Hawana mkufunzi, hawana pumzi ya kuishiwa. Ni kompyuta inachagua namba, na bei ya kila namba imepangwa ili mwenye duka asilale njaa. Na mikeka ya mpira je? Tulipiga hesabu pamoja kwa simu yake. Chukua mechi 12, kila moja una uhakika wa asilimia 70, ambao ni uhakika mkubwa. Zote 12 kutiki ni asilimia 1.4 tu, yaani mikeka 100 inachanika 98 au 99. Hata kule Kentucky, uwanja unakata fungu lake kwanza, halafu wachache walioshinda wanalipwa kwa fedha za wengi walioshindwa. Zile dola 163.60 nilizozipamba gazetini zilitoka mifukoni mwa watu ambao sikuandika neno hata moja juu yao.

Mjomba alikuwa amefika, amesimama nyuma yetu anasikiliza. Yeye farasi hajawahi kumwona kwa macho, na si ajabu. Mbung'o na magonjwa yake hawajawahi kumpa farasi nafasi sehemu nyingi za nchi yetu. Mpaka uende Nairobi, uwanja wa Ngong, ndipo utaona mbio hizi karibu. Akauliza swali moja tu:

"Hao kumi na tisa walioshindwa, nao uliwaandika?"

Sikuwa nimewaandika. Hata yeye alijua.

Nikatazama ziwani, mahali ambapo Liemba ilikuwa ikitia nanga na mitumbwi kuifuata kuchukua abiria. Nikakumbuka kwamba meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, mwaka uleule wa Donerail. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ukiisimulia haraka haraka utasema ni muujiza. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito zisiliwe na kutu. Mimi ningeandika kuzama na kuibuka, nikasahau grisi. Hivyo ndivyo nilivyomwandika farasi.

Simsingizii mdogo wangu kwamba hana akili. Alifanya alichofanya na analijua kosa lake. Wala sisemi video moja ndiyo iliyokula laki nne. Nasema tu kwamba sisi tunaoandika tunapenda mshindi wa ghafla kwa sababu anajaza kona ya ukurasa, na kuna msomaji mahali fulani anaisoma kona hiyo kama ramani.

Kabla sijaondoka nilimwachia mjomba nusu ya bei ya wavu. Alikataa, kisha akapokea kwa sharti: iandikwe kuwa deni, na mdaiwa awe kijana wake. Kijana akaandika mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, mafungu manne. Ziwa lilipofunguliwa Agosti 15, walishuka pamoja.

Amelipa mafungu mawili. La tatu limechelewa, na bado sijapata ujasiri wa kumwuliza kwa nini.

Tuonane tena, panapo majaliwa.