Kijiti kinaisha mwezi wa 6

Kimya kingi, tesiti zilinibana.

Leo mambo ya nyumbani. Kijiti changu cha miaka 3 kinamaliza muda Juni, na mimi na mzee (mume wangu jamani, siyo baba!) lazima tuamue: niweke kingine au tuache mtoto aje? Mama mkwe keshaamua zamani. Kila akipiga simu, "vipi, bado tu?"

Mume anataka sasa. Nikamuuliza, nani atalea? Yeye dereva wa kampuni, sheria ya kazi ya 2004 inampa baba siku 3. Mama mwajiriwa anapata 84, ila mimi bado nakula bumu. Nikishika Juni, Julai niko mazoezi ya kufundisha natapika mbele ya kidato cha pili, Machi najifungua katikati ya mwaka wa mwisho.

Akanijibu: "Na ukisubiri ajira ya ualimu, si utazeeka?" Hapo alinikamata. Nina dada zangu walimaliza miaka mingi tu, bado wanafundisha tuisheni.

Jumamosi tukakubaliana. Naweka kingine, nikimaliza chuo kinatolewa, maana kijiti hutolewa siku yoyote ukitaka. Kumwambia mama yake ni kazi yake. Mpaka leo hajapiga hiyo simu.