Dini, Utu na Njia ya Kisimani

Katika lugha yetu ya Kiswahili, mtu akitaka kumlaumu mwenzake kwa ukatili humwambia, "Wewe huna dini." Hamaanishi kwamba mwenzake hasali wala hafungi. Anamaanisha kwamba hana huruma. Vivyo hivyo mtu mwema tunamwita mcha Mungu, hata kama hakuna aliyewahi kuhesabu mara ngapi anapiga magoti. Lakini lugha hiyo hiyo inatuambia kwamba mtu ni utu, wala haiongezi chochote baada ya hapo. Haisemi mtu ni utu na ubatizo, wala mtu ni utu na shahada. Basi lugha imekwisha kulijadili jambo hili kabla yetu na imekataa kutoa hukumu. Imetuachia maneno mawili, dini na utu, nasi tuamue lipi ni mzizi na lipi ni tawi.

Je, binadamu wanaweza kuishi kwa uadilifu na kwa amani pasipo dini? Wengi hulijibu swali hili haraka. Mwenye dini husema haiwezekani, kwa maana asiyemwogopa Mungu atamwogopa nani? Aliyeiacha dini naye hukunjua orodha ndefu ya vita na damu iliyomwagwa kwa jina la Mungu. Mimi napenda kulipitia polepole, na nitalipitia Katumba, mahali nilipofundisha kwa miaka mingi. Kule swali hili si la ubaoni. Watu wa kule walilibeba mgongoni pamoja na watoto wao.

Msomaji asiyeifahamu Katumba aelewe kwamba ni makazi yaliyoko nje ya mji wa Mpanda, katika mkoa ambao tangu 2012 unaitwa Katavi na ambao kabla ya hapo ulikuwa sehemu ya Rukwa. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1973 katika pori la miombo, nchi ya Wakonongo, kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisaidia kwa fedha, na shirika la Kikristo lijulikanalo kwa herufi TCRS likashiriki kuyajenga. Wakimbizi wenyewe walifyeka miti, wakang'oa visiki, wakapanda mahindi, maharage na mihogo, na baadaye tumbaku.

Sasa tuulize, walikuwa wamekimbia nini? Burundi ya 1972 haikuwa nchi ya watu wasio na dini. Mapadri wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita White Fathers, walianzisha misheni ya Muyaga mwaka 1898, na miaka sabini na kitu baadaye sehemu kubwa ya Warundi walikuwa wamebatizwa. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walishambulia kusini mwa nchi na kuua Watutsi wengi. Serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa kuwaua Wahutu kwa miezi kadhaa, na hasa waliosoma: walimu, wauguzi, makarani, wanafunzi, hata mapadri na makatekista. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Walioua na waliouawa walikuwa wamejifunza Baba Yetu ile ile, kwa Kirundi kile kile, na pengine kwa mwalimu mmoja.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo Katumba inatufundisha ni kwamba dini peke yake haitoshi. Anayesema kuwa watu wakisali wataacha kuuana, na awaeleze hivyo wajane wa 1972. Wao waliwajua wauaji kwa majina yao ya ubatizo.

Hata hivyo liko jambo la pili, na tusilifiche kwa kuwa tumelipenda la kwanza. Watu hao hao, walipofika porini, walijenga makanisa mapema sana, ya miti na udongo, yakiezekwa kwa nyasi. Wakatoliki walijenga, Waanglikana walijenga, Wapentekoste walijenga. Kama dini ilikuwa imewashinda kule, kwa nini hawakuitupa mpakani? Nilimwuliza mama mmoja mtu mzima, jirani yangu, naye akanijibu bila kufikiri sana.

"Mwalimu, kwenye mgawo wa chakula nilikuwa kadi. Kanisani nilikuwa mama fulani."

Nadhani jibu lake lina uzito kuliko vitabu vingi. Mtu aliyepotewa na kijiji, shamba na kaburi la baba yake anahitaji mahali pa kuitwa kwa jina lake, pa kulia mbele za watu bila aibu, na pa kuimba. Anahitaji pia watu watakaomzika. Dini iliwapa watu wa Katumba hayo yote wakati ambapo hakuna mwingine aliyeweza kuyatoa. Anayedai kwamba dini ni ulevi tu wa wanyonge hajapata kuwa mnyonge wa namna hiyo.

Lakini palikuwapo pia mzee mmoja ambaye hakuwa wa kanisa lolote. Alikuwa amebatizwa utotoni, ila tangu alipovuka mpaka hakuingia tena kanisani, wala hakuwahi kumbeza aliyeingia. Mzee huyu ndiye aliyekuwa mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Kila kaya ilitoa kiasi kidogo cha fedha baada ya mauzo ya tumbaku, na fedha hizo zilinunua sanda, mbao za jeneza na sukari ya msibani. Walei walimwamini, wachungaji walimwamini, nasi walimu tuliotoka mikoa mingine tulimwamini. Kwa miaka yote niliyomfahamu, daftari lake halikupungua senti.

Siku moja, tukiwa tumekaa kwenye tanga, nilimwuliza kwa utani, "Mzee, wewe huendi kusali. Sanduku la fedha liko uvunguni mwako. Unamwogopa nani?"

Akacheka. "Mwalimu, njia ya kwenda kisimani ni moja tu. Nikila fedha ya maiti, kesho asubuhi nitapita wapi?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba utu unaweza kusimama kwa mguu wake. Mzee hakutaja moto wa jehanamu wala thawabu ya peponi. Alitaja njia na kisima, na nyuso atakazokutana nazo akiwa na ndoo mkononi. Wahenga wa Burundi waliujua msingi huu kabla misheni ya kwanza haijajengwa. Walikuwa na wazee walioitwa abashingantahe, waliopatanisha watu na kuamua kesi vilimani. Mzee wa namna hiyo alichaguliwa kwa sababu jirani zake walimjua kuwa mkweli. Ni kweli kwamba Warundi wa zamani nao walimtaja Imana, Mungu wao. Lakini aliyetafutwa kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba alitafutwa kwa mwenendo wake.

Je, tuseme basi kwamba kesi imekwisha, na kwamba macho ya jirani yanatosha? La hasha. Jibu la mzee ni zuri, lakini lina tundu, na naamini yeye mwenyewe alilijua kuliko mimi. Mwaka 1972 wauaji wengi waliwajua waliowaua. Kwao pia njia ya kisimani ilikuwa moja. Haya ya mbele ya jirani inamlinda jirani mradi tu watu wote wanaendelea kumhesabu kuwa jirani. Siku wakubwa watakapotangaza kwamba yule si mwenzetu tena, haya hiyo hugeuka upande. Mtu huona aibu kwa kukosa kushiriki.

Ili kulipima jambo hili, tutoke Katumba kidogo, twende Nyange, magharibi ya Rwanda. Mwezi Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia katika kanisa la parokia ya Nyange. Kanisa hilo liliangushwa juu yao kwa tingatinga. Padri wao, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokaa hapa kwetu Arusha, na mwaka 2008 majaji wa rufani walimpa kifungo cha maisha. Miaka mitatu tu baada ya kanisa kuanguka, usiku wa tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange hiyo hiyo, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wakakataa. Walisema wao wote ni Wanyarwanda. Walipigwa risasi na kutupiwa mabomu ya mkono, na baadhi yao walikufa. Hawakutoa aya ya kitabu kitakatifu. Walitoa jina la nchi yao, nalo likawatosha kuwa sababu ya kufa pamoja.

Hapo mpinzani wa dini atapiga makofi. Asubiri wiki sita. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, waasi waliingia alfajiri na kutoa amri ile ile. Waseminari nao wakakataa kujitenga, na 40 kati yao wakauawa. Hawa walilelewa katika sala. Wakubwa wao walikuwa wamefanya kazi ya makusudi tangu vita vya 1993 ili Wahutu na Watutsi wale pamoja, wacheze pamoja na kusema wazi hofu zao. Dini iliyoshindwa Nyange ilisimama Buta, na ilikuwa Ukatoliki ule ule, wenye misa ile ile.

Basi tofauti iko wapi? Kwa maoni yangu, haiko kati ya mwenye dini na asiye na dini. Iko kati ya watu waliozoezwa kila siku kumhesabu mwingine kuwa wao, na watu waliozoezwa kumhesabu kuwa wale. Mazoezi hayo yanaweza kufanyika kanisani, msikitini, shuleni, au kwenye chama cha kufa na kuzikana. Yanaweza pia kukosekana mahali hapo pote. Wala hayafanyiki siku ya hatari. Kijana wa Buta hakuanza kujifunza undugu alipoona bunduki.

Tanzania imejaribu kulijenga jambo hili katika sheria. Katiba ya 1977, kama ilivyo sasa, inaitaja nchi yetu kuwa isiyokuwa na dini, na papo hapo inamlinda kila raia katika imani yake. Tangu sensa ya 1967, serikali haijamwuliza mtu dini yake katika kuhesabu watu. Mahakamani, shahidi asiye na dini huruhusiwa kuthibitisha badala ya kuapa, na neno lake hupokewa. Haya hayajatufanya malaika. Mwezi Oktoba 2012 makanisa yalichomwa Mbagala, Dar es Salaam, kwa chanzo cha ugomvi wa watoto wawili juu ya msahafu. Lakini Mbagala ilitushtua kwa sababu tulizoea kitu kingine. Tulizoea sikukuu ya jirani kuwa pilau ya wote.

Watu wa Katumba wameingia katika utaratibu huo rasmi. Mwaka 2010 serikali iliidhinisha uraia kwa wakimbizi wa 1972 wapatao 162,156, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kwanza walitakiwa wahame watawanyike mikoani. Mpango huo ukaachwa, na mwaka 2014 wakaanza kupewa hati zao. Sheria ya uraia haimwulizi mtu ni wa dhehebu gani. Kwa hiyo yule aliyeimba kwaya kwa miaka arobaini na yule ambaye hakuwahi kurudi kanisani wamekuwa Watanzania sawasawa.

Lakini hati haiwezi kumfundisha mtoto habari za babu yake. Watoto wa Katumba watauliza, "Nani walituua, na kwa nini?" Mzazi anaweza kujibu kwa kutaja kabila, na hapo atakuwa amepanda mbegu ya 1972 katika udongo wa Mpanda. Au anaweza kusimulia ukweli wote, kwamba waliua watu walioacha kuwahesabu jirani zao kuwa watu, na kwamba kila kabila lina uwezo huo. Makanisa yana Jumapili hamsini na mbili kwa mwaka za kusaidia jibu hili la pili. Wasio na kanisa wana siku zilizobaki, kisimani, shambani na msibani. Kila upande na uulizwe mwisho wa mwaka umezitumiaje siku zake, badala ya kuulizwa kama una Mungu au hauna.