Golfland: Uwanja wa gofu uliozaa mabingwa wa vidole

Ukitoka San Francisco, Marekani, ukashika njia ya kusini kwa kilomita 60 hivi, utafika Sunnyvale. Ni mji wa wahandisi na kompyuta, wala hauna makubwa ya kumtoa mtalii kwao. Lakini kando ya barabara ya El Camino Real pana bustani ya burudani iitwayo Golfland, ambako familia huja kucheza gofu ndogo. Ipite gofu, uingie ndani penye mashine za michezo ya video.

Miaka ya tisini, kampuni ya Capcom, watengenezaji wa Street Fighter, ilikuwa na ofisi mjini humo, na ilizoea kuleta michezo yake Golfland ijaribiwe kabla haijaenea. Vijana wakapata habari, wakamiminika. Desturi yao ilikuwa hii: ukitaka kucheza, unaweka sarafu ya senti 25 ukingoni mwa kioo cha mashine, na sarafu hiyo ndiyo nafasi yako katika foleni. Mshindi habanduki. Anayeshindwa huinuka, akaweke sarafu nyingine kama anayo. Hakuna aliyekuuliza baba yako ni nani. Ewe uliyewahi kuchungulia kibanda cha Playstation kule Kayole au Githurai, ambako anayefungwa ndiye anayelipa, huhitaji kufafanuliwa zaidi.

Mwaka 1996, akina Tom na Tony Cannon wakaandaa shindano la Battle by the Bay. Washiriki walikuwa 40 tu! Mwaka 2002 likapewa jina la Evo.

Waandalizi walipoziacha mashine za sarafu mwaka 2004 na kuleta zile za nyumbani, wakongwe walinung'unika kwelikweli. Hata hivyo, ni mwaka huo huo, katika chuo kikuu cha Cal Poly Pomona, ambapo Daigo Umehara wa Japani alibakiwa na uhai mwembamba kama uzi. Justin Wong wa Marekani akamshushia mapigo 15 mfululizo. Kila pigo lilitaka kijiti kisukumwe kwa wakati wake barabara, la sivyo kwisha. Daigo akayakinga yote, kisha akammaliza Wong. Ukumbi ukalipuka! (Taji lenyewe hakulipata, alishindwa fainali na Mjapani mwenzake.)

Baadaye Evo ilihamia Las Vegas. Mwaka 2023, mchezo wa Street Fighter 6 peke yake ulivuta washiriki zaidi ya 7,000. Mwaka 2021 Sony na kampuni ya RTS zilikuwa zimeshainunua Evo, na wengi wakahofu kwamba ule mlango wa Golfland ungefungwa. Haukufungwa. Yeyote hulipa kiingilio, huketi mbele ya bingwa, na akishindwa mara mbili huaga. Ndivyo Arslan Siddique wa Lahore, Pakistan, alivyotwaa mataji ya Tekken 7 Japani na Las Vegas mwaka 2019.

Kwetu nako Sylvia Gathoni, aitwaye Queen Arrow, amejipatia jina katika Tekken. Vipaji tunavyo. Kwa maoni yangu, sarafu ya leo ni nauli na viza, na hiyo haiwekwi ukingoni mwa kioo. Mwaka 2025 Evo ilifanyika pia Nice, Ufaransa. Ni karibu kidogo kuliko Las Vegas, ingawa viza ni viza.